MUULIZE MJOMBA: Kijana amepata chuo Tübingen, sasa Tübingen ndo wapi?

Wiki tatu zilizopita nilijibu swali la mtu kuhusu viatu vya baridi, nikataja kwa kupita tu kwamba vyangu nilinunulia Tübingen, Ujerumani, nilipokuwa nasoma huko miaka ya tisini. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimeingia mpaka mhariri akaniuliza kwani nimefungua ubalozi. Nimechagua chache. Zile za kuniomba barua ya mwaliko nimeziacha, siwezi, msinitie kwa shida uzeeni.

Mjomba habari yako. Kijana wangu wa pili amepata nafasi chuo kikuu cha Tübingen, masters ya bayolojia, na hapa nyumbani hakuna anayejua hiyo Tübingen iko upande gani. Baba yake anasema kama si Berlin ama Frankfurt basi ni kijijini tu. Mimi nimeangalia picha kwa simu, naona nyumba za rangi rangi zimebanana kando ya mto utadhani keki ya harusi. Huo ni mji wa ukweli ama ni picha? Na hiyo maji hapo chini, na vile tumeona mafuriko hapa, haitaniulia mtoto? – Mama Kevo, Donholm

Mama Kevo, hongera kwanza, na mwambie mzee amepatia nusu. Mji ni mdogo kweli. Una watu kama elfu 90, wakati Embakasi peke yake kwa sensa ya 2019 ilikuwa inakaribia milioni moja, kwa hivo Tübingen yote unaiweka kwa kona ya Embakasi na bado utatafutana nayo. Lakini kati ya hao elfu 90, wanafunzi ni kama elfu 28. Hebu fikiria estate ambayo ukitoka kununua mkate karibu kila mtu wa tatu unayepishana naye ana begi la vitabu mgongoni. Wenyeji wana msemo wao, kwamba Tübingen haina chuo kikuu, Tübingen ni chuo kikuu, na si majivuno, ni hivo tu ilivyo. Hakuna geti. Hakuna askari wa kukuuliza kitambulisho. Leksha moja iko karibu na kanisa, nyingine iko juu ngomeni, unakimbia kwa mawe ya barabara unafika umelowa jasho ata kama ni Januari.

Iko kusini magharibi ya nchi, jimbo linaitwa Baden-Württemberg, kutoka Stuttgart ni kama saa moja hivi na treni. Jina, hiyo u ya vitone viwili, unaitamka kwa kutaka kusema "i" huku midomo umeibana kama mtu anayepiga mluzi. Kevo ashaambiwa na mwalimu wake, wewe jaribu ukiwa jikoni peke yako.

Picha ni za ukweli. Zile nyumba za rangi ziko vile kwa sababu vita kuu ya pili haikuzigusa sana. Miji mingi ya Ujerumani ilipigwa mabomu ikabaki kifusi, lakini Tübingen ilikuwa imejaa majeruhi wa vita kwa hospitali zake, na daktari mmoja wa jeshi, Theodor Dobler, akashughulika mpaka ikachukuliwa kama mji wa wagonjwa, na wanajeshi wa Ufaransa walipofika tarehe 19 Aprili 1945 waliingia bila kuuvunja. Ndo maana leo unatembea kwa vichochoro vya miaka mia tano. Mimi kila nikiona tingatinga ikishukia nyumba za zamani hapa kwetu namkumbuka huyo daktari. Na mafuriko usiogope, zile nyumba hazijakaa mtoni, zimekaa juu ya ukuta wa zamani wa mji, mto uko chini kabisa, ukiangusha kiatu kutoka dirishani una muda wa kujuta kabla hakijafika majini.

Chuo chenyewe kilianzishwa 1477 na mtawala mmoja aliyeitwa Eberhard, na kwa vile alikuwa na ndevu za kutosha wakamwita hivo hivo, Eberhard Mwenye Ndevu. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Nyuma yake alikuwa mama yake, Mechthild, mama wa vitabu hasa, ambaye alikuwa ashaona chuo kikuu cha Freiburg kikianzishwa na mume wake wa pili, kwa hivo msukumo ulitoka nyumbani. Hii nakuambia wewe mama mzazi, mzee akikuuliza mambo ya chuo yanakuhusu nini. Huyo Eberhard alikuwa amehiji Yerusalemu 1468, akarudi na mti wa mtende kama alama yake, na neno moja la Kilatini, *Attempto*, yaani nathubutu. Mpaka leo huo mtende uko kwa nembo ya chuo, mtende, kwenye nchi ambayo Desemba maji yanaganda kwa ndoo.

Sasa hapa ndo Kevo atafurahi, sababu umesema ni bayolojia. Juu ya mji kuna ngome, na kwenye hiyo ngome kuna chumba chenye dari ya chini ambacho zamani kilikuwa jiko. Jiko kabisa, la kupikia wakubwa. Baadaye chuo kikapewa, wakaweka maabara. Mwaka 1869 kijana mmoja Mswisi, Friedrich Miescher, miaka kama 25, alikuwa anafanya kazi humo, na kazi yenyewe ukiisikia utaacha chakula: alikuwa anachukua bandeji zenye usaha kutoka kwa kliniki ya upasuaji hapo mjini, anaziosha, anatafuta chembe nyeupe za damu. Ndani ya viini vya hizo chembe akakuta kitu ambacho hakikufanana na protini yoyote aliyoijua, kina fosforasi nyingi, akakiita nuklini. Mkubwa wake, profesa Hoppe-Seyler, hakumwamini, akarudia majaribio yote kwa mikono yake mwenyewe, ndo maana ikachapishwa 1871. Hicho kitu ndo leo tunaita DNA. Hiyo hiyo ya kina baba kwenda kupimwa Nairobi ndo wakubali mtoto. Ilitoka jikoni, kwa usaha. Chumba kiko wazi, watu wanaingia, mwambie Kevo aende wiki ya kwanza kabla hajaanza kusema hana muda.

Pesa. Enzi yangu hatukulipa karo. Sasa hilo jimbo, kuanzia muhula wa baridi wa 2017, linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa kila semesta, na majimbo mengine mengi hayatozi, kwa hivo hiyo hesabu ifanyeni mapema msije mkashtukia huko. Na ya visa kuna ile akaunti inayofungwa, mnaweka pesa za mwaka mzima na mtoto anatoa kidogo kidogo kila mwezi, kwa kiwango cha 2024 ni yuro 11,904. Zidisha mwenyewe na bei ya yuro ya siku hiyo, ukiwa umekaa chini.

Na kuna somo ambalo hakuna kwa barua ya chuo. Jumamosi yangu ya kwanza niliamka nikakuta kibao kidogo kimetundikwa kwa kitasa cha mlango wangu, kimeandikwa neno moja, *Kehrwoche*. Nikadhani ni jina la aliyekaa hapo kabla yangu. Nikakitoa nikakitundika kwa mlango wa jirani. Jioni nikasikia hatua kwa ngazi, polepole, akatokea mama wa ghorofa ya chini, mwanamke wa kama miaka sabini, kibao mkononi, akakirudisha kwa kitasa changu, hakusema neno, akanipa ndoo. Kehrwoche ni zamu ya wiki. Unafagia ngazi, unapiga deki, unafagia mpaka barabara mbele ya nyumba, na theluji ikianguka ni wewe na koleo kabla watu hawajaenda kazini. Nilipiga deki siku hiyo vile mama yangu hajawahi kuniona nikipiga. Yule mama akapanda akapitisha kidole kwa kona ya ngazi ya nne, akakiangalia kile kidole, akashuka. Kesho yake nikakuta kipande cha keki ya tofaa mlangoni. Tulikaa hivo miaka miwili, tukiongea kwa kidole na keki.

Hao ndo watu wenyewe, Waswabia. Wanabana matumizi na wanasafisha. Wanangu waliobaki huko wananiambia tangu 2022 manispaa imeweka kodi kwa vyombo vya kutupa, ukinunua kahawa kwa kikombe cha karatasi kuna senti 50 juu yake, kijiko cha kutupa senti 20. Mkahawa mmoja wa hapo, tawi la kampuni kubwa ya baga, ukaenda kortini, kesi ikapanda mpaka mahakama ya katiba ya nchi, na Januari 2025 mji ukashinda. Kwa kikombe! Sisi tulipiga marufuku karatasi za plastiki 2017 na bado najua mama mboga atakufungia sukuma kwa nini. Mpakie Kevo kikombe chake cha bati.

Shikamoo Mjomba. Mimi kwetu ni Rabai ingawa nimezaliwa Buruburu. Babu alikuwa akisema yule Krapf wa kanisa letu alitoka sehemu hizo hizo. Ni kweli ama ni hadithi za babu? – Mrabai wa Buru

Marahaba mwanangu, babu yako alikuwa sawa, na kuna ambayo pengine hakuambiwa.

Johann Ludwig Krapf, yule mmisionari, alizaliwa 11 Januari 1810 kijiji cha Derendingen, ambacho wakati huo kilikuwa kivyake, na 1934 kikamezwa na Tübingen, sahi ni mtaa tu, unatembea kwa mguu kutoka katikati ya mji. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto alisomea shule ya Kilatini hapo Tübingen, akavuka uwanja kila asubuhi, akaja kusoma na theolojia chuoni hapo hapo. Alifika Mombasa 1844. Mwaka huo huo, miezi michache tu baada ya kushuka, mkewe Rosine akafa kwa homa na kale kachanga kao kakafa, wakazikwa upande wa Nyali ng'ambo ya bahari, kaburi liko mpaka leo. Mtu mwingine angepanda jahazi arudi. Yeye akakaa, 1846 wakahamia Rabai kwenu na mwenzake Rebmann.

Disemba 1849 akiwa Ukambani, mgeni wa Kivoi yule mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, mawingu yakafunguka akauona mlima wenye weupe juu. Jina alilolipata kwa Wakamba akaliandika vile sikio lake la Kijerumani lilisikia, na ni hilo limezunguka zunguka likawa Kenya. Huko Ulaya wakamcheka, kuna msomi London aliyeng'ang'ana kwamba theluji kwa ikweta haiwezekani, na huyo msomi hakuwa amewahi kukanyaga huku.

Lakini hii ndo nilitaka kukupa. Krapf alikuwa anaandika maneno. Kila mtu aliyekutana naye alikuwa anamuuliza hiki mnakiitaje. Aliporudi kwao kwa mapumziko alienda na makaratasi yake, na mwaka 1850 ikachapishwa sarufi ya Kiswahili, ya mwanzo kabisa kuwahi kuchapishwa, na kitabu cha pili cha msamiati wa lugha sita za huku: Kiswahili, Kinika, ndo jina walilowaita Wamijikenda enzi hizo, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigala, hao Waoromo. Unajua vilichapishiwa wapi? Si London. Si Zanzibar. Tübingen. Fundi chapa wa Kiswabia, aliyezoea mahubiri na tasnifu za Kilatini, akipanga herufi za chuma moja moja, *nyumba*, *mtu*, *maji*, maneno ambayo pengine hakuna mtu mwingine kwa huo mji mzima angeweza kuyatamka. Nilipoambiwa hivo mara ya kwanza nilikuwa nimeishi pale mwaka mzima nikijiona mgeni. Kumbe lugha yangu ilinitangulia miaka 140 na kitu.

Kamusi yake kubwa ilitoka 1882, yeye alikuwa ashafariki mwaka mmoja nyuma, Korntal karibu na Stuttgart. Na ya mwisho, tangu 2014 Tübingen ni mji dada wa Moshi, hapo ng'ambo ya mpaka chini ya Kilimanjaro, mlima ambao Mzungu wa kwanza kuuripoti alikuwa nani, si huyo Rebmann wenu wa Rabai, 1848. Babu alijua.

Mjomba nasoma fasihi mwaka wa tatu. Mwalimu alitaja mshairi aliyefungiwa mnara Tübingen miaka 36 kwa sababu ya wazimu. Hiyo si ukatili? – Kahawa Wendani

Hakufungiwa, na hapo ndo utamu wa hadithi. Anaitwa Friedrich Hölderlin. Alisomea pale pale, kwa seminari ya Kiprotestanti inaitwa Stift, na kwa hosteli alikaa chumba kimoja na Hegel na Schelling. Wewe umewahi kulalamika kuhusu rumeti wako? Watatu kwa chumba kimoja, mmoja akawa mshairi wanayemweka juu kabisa na wawili wakawa wanafalsafa wa kuumiza vichwa vya wanafunzi mpaka kesho. Kepler wa sayari naye alipitia hiyo hiyo Stift, ila miaka mia mbili kabla yao.

1806 Hölderlin akili ikawa imechoka, wakampeleka kliniki ya chuo kwa nguvu, huko ndo kulikuwa na ukatili. Baada ya miezi saba na kitu wakamtoa, wakasema huyu haponi, ana miaka mitatu hivi ya kuishi. Ndo akajitokeza fundi seremala, Ernst Zimmer, jirani wa kliniki. Zimmer alikuwa amesoma riwaya ya Hölderlin akaipenda. Seremala! Akamchukua 1807 akampa chumba cha mviringo ghorofani kwa nyumba yake, kile kimnara cha njano unachokiona kwa kila picha ya mto. Ile miaka mitatu ya madaktari ikawa 36. Zimmer akafa 1838, binti yake Lotte akaendelea kumtunza mzee, kumkatia mkate, kumfulia, mpaka alipokufa 1843.

Alikuwa na piano. Alikuwa akitembea tembea huko ndani siku nzima. Wageni wakija kumtazama aliwaita Mtukufu Mfalme, na wakimwomba shairi anasimama mezani anawaandikia hapo hapo, mashairi mafupi ya majira ya mwaka, kisha anasaini jina Scardanelli na tarehe ya karne nyingine kabisa. Wengine wanasema ni wazimu, mimi naona mtu aliyechoka kutazamwa akaamua kumtuma mwingine apokee wageni. Simama dirishani kwa hicho chumba, sasa ni makumbusho, utaona mto, miti, na hakuna kingine. Mnara wenyewe uliungua 1875 ukajengwa tena kwa hivo mbao unazokanyaga si zake, ila mto ni ule ule.

Kwa faida ya wapenda vitabu: uwanja wa Holzmarkt, mkabala na kanisa kubwa, kuna duka la vitabu ambalo mwandishi Hermann Hesse alifanya kazi kuanzia 1895 mpaka 1899, mwanzo kama mwanagenzi, akifunga vifurushi na kupanguza vumbi. Nobeli ilikuja 1946. Vumbi kwanza.

Assalamu alaikum Mjomba. Mimi mtu wa Lamu niko South C. Kuna klipu nimetumiwa, vijana wa hiyo Tübingen wako kwa mashua ndefu kama mtepe wanasukumana mtoni wamevaa nguo za kichekesho. Ile ni nini na wanasukuma na nini? – Ami

Waalaikumu salaam ndugu yangu, wewe ndo utanielewa bila maelezo mengi, sababu wale wanasukuma kwa upondo. Upondo kabisa, mti wa kama mita saba, unauchoma chini ya mto unajisukuma, unauvuta, unauchoma tena. Chombo wanakiita *Stocherkahn*, bapa chini, kirefu, abiria wanakaa kwa mabenchi ya pembeni na anayesukuma anasimama nyuma. Nilijaribu mara moja. Mto Neckar pale una kina kidogo na tope zito, upondo ukanasa, mashua ikaenda zake na mimi nikabaki nimekumbatia mti kama nyani, alafu polepole nikaingia majini mbele ya watu waliokuwa wanakunywa bia ukutani. Walipiga makofi. Mtu wa Lamu angeniona angeninyang'anya pasi ya kusafiria.

Hiyo klipu ni mashindano, tangu 1956, kila mwaka sikukuu ya Ekaristi, ile Alhamisi. Wanazunguka kisiwa chembamba kilicho katikati ya mto, chenye safu ya miti mirefu ya tangu karne ya kumi na tisa, na kuna mahali pa kupita chini ya daraja panabana, wanapaita tundu la sindano, hapo mashua zote zinafika pamoja ndo unaona pondo zinavunjika, watu wanaanguka, kelele. Wa kwanza wanapata bia. Wa mwisho, kila mmoja kwa hiyo mashua, anakunywa nusu lita ya mafuta ya ini la samaki hadharani. Unakumbuka tulivyokuwa tunakimbizwa na kijiko kimoja tu utotoni? Nusu lita. Na kisha hao hao ndo wanaandaa mashindano ya mwaka unaofuata.

Huo mto ulikuwa na kelele zamani pia. Karne zilizopita magogo ya Msitu Mweusi yalifungwa kama chelezo yakateremshwa na maji, na wenye chelezo wakipita chini ya mji, wanafunzi walijazana madirishani wakiwapigia kelele, *Jockele, sperr!*, yaani wewe fulani funga breki, wanamwigiza lafudhi yake, na wale wa majini wanajibu kwa matusi mazito. Ni kama makanga na wanafunzi wa hapa, hakuna aliyeanza na hakuna atakayemaliza. Chelezo la mwisho lilipita 1899. Mji wa juu wa maprofesa na mji wa chini wa wakulima wa mizabibu, wale wa chini waliitwa *Gôgen*, ulikuwa na ugomvi wa hivo hivo, na vichekesho vya Gôgen vinauzwa kwa vitabu mpaka leo, sivisemi hapa sababu watoto wanasoma.

Mjomba unasifia tu. Mtu mweusi huko anaishije? Na mambo ya Hitler je, huo mji mzuri ulikuwa wapi? – Bila jina, Pangani

Umeuliza vizuri. Mji ulikuwa hapo hapo. Ata kabla ya Hitler, ile karatasi ya 1477 ambayo Eberhard alikipa chuo uhuru wake, ndani yake iliandikwa Wayahudi wasikae Tübingen. Siku ya kufungua mlango ndo siku ya kumfungia mtu mlango. 1933 walipoanza kuwafukuza maprofesa Wayahudi nchi nzima, Tübingen haikuwa na wengi wa kufukuza, ilikuwa haiwaajiri tangu kitambo, na kuna waliojivunia hilo. Sinagogi yao ilichomwa usiku wa Novemba 9, 1938.

Na kwa makaburi ya mji, hapo hapo alipozikwa Hölderlin, kuna sehemu inaitwa Uwanja X. Humo kuna mamia ya watu ambao maiti zao zilipelekwa kwa idara ya anatomia ya chuo wakati wa Wanazi, waliokatwa vichwa, wafanyakazi wa kulazimishwa kutoka Poland na Urusi, wafungwa, wanafunzi wa udaktari wakajifunzia. Nilikaa mwaka na nusu bila kujua, nilikuwa napita nje ya ukuta kila siku nikienda maktaba. Aliyenionyesha ni mwanafunzi mwenzangu Mjerumani, hakusema mengi, tulisimama tu mvua ikinyesha.

Mtu mweusi anaishije. Sikupigwa wala kutukanwa usoni. Lakini mara mbili nilipiga simu nikaambiwa chumba kipo, nilipofika mlangoni kikawa kimechukuliwa dakika hiyo hiyo. Chumba cha tatu nikaenda na huyo mwenzangu, na ndo nikapata, ndo yule mama wa kibao. Miaka imepita, wageni ni wengi sasa, kuna taasisi za utafiti za Max Planck zimejaa watu wa kila rangi. Vyumba ndo bado vita. Kevo aombe hosteli ya wanafunzi siku hiyo hiyo anapata barua, asingoje visa.

Mjomba, niko Goethe-Institut hapa mjini nasoma Kijerumani, kiwango cha B1. Mwenzangu anasema Goethe mwenyewe, yule mwandishi, alitapika Tübingen na kuna kibao. Ananidanganya? – Binti wa Ngara

Hakudanganyi. 1797 Goethe alikaa hapo kwa mchapishaji wake Cotta, na nyumba ina kibao rasmi, *Hier wohnte Goethe*, hapa alikaa Goethe. Nyumba ya pembeni wanafunzi wakaweka chao, *Hier kotzte Goethe*, hapa alitapika Goethe. Kama alitapika kweli muulize yeye. Ila angalia hivo vitenzi viwili, vyote wakati uliopita na mwisho ni -te. Mtihani wako ni lini?